Ndege Si Geti: Tuonyesheni Hesabu Kabla ya Kuchomelea

Wacha niseme haya wazi, mtanitukana mkishamaliza kusoma. Zile klipu za "kijana wa kijijini aunda ndege" zinatupoteza. Ubaya hauko kwa kijana. Ubaya uko kwetu sisi tunaopiga makofi bila kuuliza swali moja la kawaida kabisa: hesabu ya bawa iko wapi?

Mmeziona. Kila baada ya miezi michache inaibuka nyingine. Fremu ya tyubu za chuma, injini ya pikipiki au ya gari kuukuu, kiti cha matatu, mabati yaliyopakwa rangi za bendera. Mwanahabari anauliza, "Ulipata wapi wazo hili?" Kijana anajibu kwamba tangu utotoni alipenda ndege. Mheshimiwa anafika, anapigwa picha ameshika usukani, anaahidi kumpeleka kijana shule. Kwenye komenti watu wanalia, "Serikali iko wapi?" Halafu kimya. Ukirudi mwaka ujao, kuku wanataga kwenye kiti cha rubani.

Naandika kutoka Gatitu, hapa nje kidogo ya mji wa Nyeri. Nina miaka 22. Niliacha uhandisi mwaka wa tatu, karo ilikataa. Chuo chenyewe sikitaji, na hakikuwa huku kwetu. Siku hizi natengeneza video za vitu vinavyoruka, na hizo ndizo zinanilipia nyumba. Kwa hivyo soko la hizi klipu nalijua. Grainda ikitoa cheche, watu wanatazama mpaka mwisho. Kijana akikaa mbele ya laptopu akihesabu, wanapita. Sasa kama kinachovuta macho ni cheche, kila mtu ataanza na cheche. Na ndege haianzi na cheche.

Hoja yangu ni hii na sitaizungusha. Ukitaka kuunda ndege, kompyuta ichambue nguvu za mabawa na fremu yako tangu siku ya kwanza, kabla hujanunua hata tyubu moja. Si baada ya kuchomelea. Si siku mheshimiwa anakuja. Siku ya kwanza, wakati ndege yako bado ni mchoro na unaweza kuibadilisha bila kuuza ng'ombe wa mtu.

Fundi wa mageti anaweza kukutengenezea geti bila hesabu yoyote na likakaa miaka 20. Kwa nini? Kwa sababu geti linaruhusiwa kuwa zito. Fundi akiingiwa na wasiwasi anaongeza chuma, basi, wasiwasi umeisha. Ndege haina ruhusa hiyo. Ukiongeza chuma umeongeza uzito. Uzito unataka bawa kubwa. Bawa kubwa linataka mhimili wenye nguvu zaidi, na huo mhimili nao ni uzito. Unazunguka hivyo mpaka injini inakataa. Ndiyo maana fundi hodari kabisa wa mageti anaweza kuunda ndege mbaya kabisa, na mkono wake usiwe na kosa hata moja. Kazi ya kuchomelea ni safi, ila hakuna aliyemwambia achomelee nini.

Kama unaona natia chumvi, chukua kalamu tufanye pamoja.

Tuseme ndege yako ni ya mtu mmoja. Ikiwa na rubani na mafuta ina kilo 300, na mabawa kutoka ncha hadi ncha ni mita 9. Angani mzigo haubaki kilo 300. Ukipiga kona kali, au upepo wa ghafla ukikupata karibu na mlima, mabawa yanahisi uzito mara kadhaa. Tuchukue mara 4. Juu ya hapo wahandisi wa ndege huweka akiba ya mara 1.5. Nne mara moja na nusu ni sita. Sita mara kilo 300 ni kilo 1,800. Kila bawa linabeba nusu yake, kilo 900. Hiyo ni mifuko 18 ya simiti ya kilo 50, kwa bawa moja.

Mzigo huo umetandazwa kwenye bawa lote, lakini kwa hesabu ya haraka uweke mita 2 kutoka kwenye shina, yaani pale bawa linaposhikana na mwili wa ndege. Unapata nguvu ya kukunja ya karibu nyutoni-mita 17,700 pale shinani. Sasa mhimili wako ni nini? Kwenye hizi klipu mara nyingi ni ile tyubu ya mraba ya hadiwea, milimita 40 kwa 40, unene milimita 2. Ukiiweka peke yake, bila waya wala nguzo ya kuishikilia, mkazo kwenye chuma unafika karibu megapaskali 4,800. Chuma cha kawaida kinaanza kukunjika kabisa kwenye 250 hivi. Umepita mara 19.

Na usiseme "mimi sitapiga kona kali." Ondoa akiba yote. Ruka moja kwa moja kama mtu anayeenda kanisani. Mkazo bado ni karibu megapaskali 800, mara tatu ya kile chuma kinaweza kuvumilia. Hiyo ndege haitavunjika angani, kwa sababu haitafika angani. Mabawa yatajikunja juu wakati magurudumu yanajaribu kuacha ardhi. Na tukisema "Mungu amesaidia haikuruka," tuwe tunajua tunamaanisha nini hasa.

Sasa tazama utamu wa kuhesabu mapema. Acha tyubu. Weka bamba moja la chuma juu na lingine chini, kati yao umbali wa sentimita 15, na ukuta mwembamba wa kuyashikanisha. Ili kubeba mzigo ule ule wa mifuko 18, kila bamba linahitaji kama milimita za mraba 470. Jumla ni chuma mara tatu ya ile tyubu, lakini nguvu ni mara 19. Hakuna uchawi. Umekiweka chuma mahali kinapofanya kazi. Ukipanua umbali hadi sentimita 20, kila bamba linashuka hadi 350 hivi. Ukiubana hadi sentimita 10 kwa sababu bawa jembamba linapendeza kwenye kamera, linapanda hadi 700.

Umeona? Unene wa bawa ndio umeamua uzito wa mhimili. Na unene wa bawa unaamuliwa siku ile ya kwanza, unapochora umbo. Ukishachomelea, swali limefungwa. Hii ndiyo sababu nasema uchambuzi wa nguvu si mtihani wa mwisho wa ndege. Ndio kalamu unayochorea.

Hesabu yangu hapo juu ni ya kalamu tu na ina mapengo. Bamba la juu linasukumwa, na kitu chembamba kikisukumwa kinajikunja kando kabla hakijashindwa kwa mkazo, kama rula ya plastiki ukiibana ncha zote mbili. Tena ukiweka nguzo ya kushikilia bawa kutoka chini, kama zile Cessna Caravan unazoona zikishuka Nanyuki, mambo yote yanabadilika: shina linapumzika, lakini nguzo yenyewe na pale inaposhika ndipo pa kuangalia. Na huku kwetu kuna jambo lingine. Mji wa Nyeri uko karibu mita 1,750 juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 15. Kwa hivyo unahitaji bawa kubwa zaidi au kasi zaidi. Ukirefusha bawa, mzigo unasogea mbali na shina, na mkunjo unaongezeka. Mchoro ulioutoa kwenye video ya mtu wa pwani ya Florida haukujui wewe wala mlima wako.

Kufuatilia hayo yote kwa kalamu, kila ukibadilisha kitu kimoja, utazeeka. Hapo ndipo kompyuta inaingia. Na inaingia kwa heshima, kwa sababu njia yenyewe ilipata umbo lake kwenye mabawa ya ndege.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wahandisi wa Boeing walikwama. Ndege za jeti zilitaka mabawa membamba, mengine yamelala nyuma, mengine ya pembetatu. Hesabu za zamani zilichukulia bawa kama boriti moja ndefu, na bawa la pembetatu si boriti. Kundi la M. J. Turner pale Boeing, pamoja na Ray Clough, profesa wa Berkeley aliyekuwa akienda huko wakati wa likizo ya kiangazi, wakafanya kitu ambacho mtoto anaweza kukielewa. Walilikata bawa, kwenye hesabu, liwe vipande vidogo. Kipande kimoja ni rahisi: ukikisukuma hivi, kinasogea hivi. Halafu ukavishona vyote pamoja, ukaiachia kompyuta hiyo milinganyo yote. Mwaka 1956 wakachapisha kazi hiyo wakiwa na wenzao Martin na Topp. Mwaka 1960 Clough akaipa jina ambalo limebaki mpaka leo: elementi finaiti. Uingereza nako, John Argyris alikuwa akifuata njia iyo hiyo. Miaka ya 1960 NASA ikaanza kutengeneza programu yake, NASTRAN, na baadaye ikaitoa kwa umma.

Angalieni swali walilokuwa nalo. Halikuwa "tumemaliza ndege, je, iko sawa?" Lilikuwa "tukichagua bawa la umbo hili, litafanya nini?" Ni swali la mtu ambaye bado hajakata bati.

Sasa najua mzee mmoja kwenye komenti ataandika, "Wachana na kompyuta, kijana. Jenga, jaribu, rekebisha." Mzee wangu, kwa heshima yote, nikupeleke Entebbe.

Tarehe 2 Mei 1952, ndege ya de Havilland Comet ya shirika la BOAC iliondoka London kwenda Johannesburg. Ilikuwa safari ya kwanza duniani ya jeti ya abiria wa kulipa nauli, na ilipita kwetu Afrika Mashariki, ikatua Entebbe. Namba yake ilikuwa G-ALYP. Tarehe 10 Januari 1954, ndege iyo hiyo ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, Italia. Watu 35 walikufa. Miezi mitatu baadaye, tarehe 8 Aprili, Comet nyingine ikapasuka ikitoka Roma. Watu 21.

Je, de Havilland walikuwa wazembe wasiojaribu? La. Walijaribu sana, na hapo ndipo penye somo. Walichukua kipande cha mwili wa ndege, wakakijaza hewa na kuitoa mara maelfu, na kikavumilia mara karibu 18,000. Lakini kipande hicho hicho kilikuwa kimewahi kubanwa kwa presha kubwa kupita kawaida, na ile presha ikakaza chuma kwenye pembe za madirisha, kikawa sugu kuliko ndege halisi. Jaribio likawadanganya. Ndege halisi, ile ya Elba, ilipasuka baada ya safari kama 1,290 za kujazwa presha. Wataalamu wa Farnborough walizamisha Comet nzima kwenye tangi la maji, wakaijaza presha mara kwa mara mpaka ikapasuka, ndipo ukweli ukatoka: kwenye pembe za matundu ya mwili, mkazo ulikuwa mkubwa kuliko makadirio ya wabunifu, na chuma kilikuwa kinachoka.

Hawakuwa na chombo cha kuona mkazo kwenye pembe ile kwa usahihi. Njia ya vipande ndiyo kwanza ilikuwa inazaliwa upande wa pili wa bahari. Leo hii chora bamba, litoboe tundu la duara, livute, na laptopu ya mtumba itakuonyesha kwa rangi kwamba ukingoni mwa tundu mkazo ni mara tatu ya kwingine. Weka pembe kali badala ya duara, utaona rangi nyekundu inavyokimbilia pembeni. Unaliona kabla ya kukata. Baadaye Comet 4 ilikuja na mwili uliobuniwa upya na madirisha ya mviringo, na East African Airways, shirika letu wenyewe, likaanza kuzirusha mwaka 1960. Madirisha yale yalibadilishwa kwa gharama ya maisha ya watu. Wewe unaweza kubadilisha lako kwa kubonyeza panya.

Kwa hivyo "jenga, jaribu, rekebisha" bila hesabu iliwashinda wahandisi waliokuwa mbele ya dunia nzima, wenye kiwanda na matangi. Wewe mwenye grainda na kaka yako wa kukushikia tochi utapona vipi?

"Lakini Wright hawakuwa na kompyuta!" Hii naipata kila wiki. Ni kweli, hawakuwa nayo. Walikuwa na tundu la upepo walilojitengenezea mwaka 1901, wakapima maumbo ya mabawa karibu 200 ndani yake. Fremu yao ya nguzo na waya ilifuata hesabu za madaraja ya reli, kupitia kazi ya Octave Chanute aliyekuwa mhandisi wa reli. Wright walitumia chombo bora kabisa cha hesabu kilichokuwapo siku zao. Ukitaka kuwa kama wao, tumia kilichopo siku zako.

"Hizo programu ni za watu wa pesa." Zipo za pesa, na leseni zake zitakutoa machozi. Lakini FreeCAD ni bure. Ndani yake kuna sehemu ya uchambuzi inayotumia CalculiX, ambayo nayo ni bure, na iliandikwa na wahandisi wawili wa kampuni ya injini za ndege ya MTU kule Ujerumani, Guido Dhondt na Klaus Wittig. OpenVSP ya NASA, ya kuchorea umbo la ndege nzima na kulibadilisha kwa namba, imetolewa wazi tangu 2012. Kinachokuzuia ni bando na usiku chache za kukosa usingizi. Bei ya zile tyubu ulizochomelea inalipa bando la miezi.

Na huhitaji kuanza na vipande milioni. Wiki ya kwanza bawa lako ni mistari tu: mhimili, nguzo, viungo. Mistari 20 inakutosha kujua kama wazo lina maisha. Ukishachagua umbo, ndipo unaenda kwenye ngozi, matundu, na pembe. Anayeanza na picha ya rangi nyingi bila kujua mzigo umetoka wapi anatengeneza kontenti, hatengenezi ndege.

"Kompyuta inadanganya." Hii ndiyo hoja pekee ninayoiheshimu, kwa sababu ni kweli. Norway, tarehe 23 Agosti 1991, jukwaa la mafuta la zege la Sleipner A lilizama likiwa kwenye majaribio, kwa sababu uchambuzi wa kompyuta ulikuwa umepunguza mkazo wa sehemu moja kwa asilimia 47 na kuta zikajengwa nyembamba. Baadaye wahandisi walipiga hesabu ya mkono, wakapata kwamba lingeshindwa kwenye kina cha mita 62. Lilishindwa kwenye 65. Fikiria hapo: kalamu ilikaribia ukweli kuliko mashine, kwa sababu mwenye mashine hakuisimamia. Hata Boeing 787, ndege ambayo Kenya Airways inaruka nayo, mwaka 2009 ilicheleweshwa baada ya jaribio la ardhini kuonyesha udhaifu pale bawa linaposhikana na mwili. Kwenye shina, pale pale tulipohesabu sisi.

Lakini tafakari dawa ya uongo huo ni nini. Dawa si kuacha hesabu. Dawa ni hesabu mbili, ya kalamu na ya kompyuta, zikikataana husogei mpaka ujue ni kwa nini. Kisha jaribio. Na jaribio la bawa dogo halihitaji Farnborough. Geuza bawa juu chini, lifunge shinani, panga magunia ya mchanga juu yake taratibu, ukipima limeinama kiasi gani kila hatua. Kompyuta ilikuambia litainama sentimita 12 kwenye gunia la kumi? Pima. Likiinama 20, mfano wako ni wa uongo na umejua ukiwa umesimama chini, na miguu yako yote miwili. Wajenzi wa ndege ndogo duniani kote wanafanya hivyo. Hiyo ndiyo klipu nataka kuiona ikivuma. Na niwaambie watu wa kontenti wenzangu: bawa likivunjika kwenye gunia la 19 baada ya kijana kutabiri la 18, hakuna sinema itakayolishinda hilo.

Boeing walifanya hivyo na 777. Januari 1995 walilipinda bawa mpaka likavunjika kwenye asilimia 154 ya mzigo wa juu kabisa linaotarajiwa kukutana nao. Sheria inadai 150. Hiyo tofauti ndogo ndiyo ustadi wenyewe. Bawa lenye nguvu kupita kiasi limebeba chuma cha bure, na lenye nguvu pungufu ni jeneza.

Sasa wenye vyombo vya habari. Mwaka 2011 kamera za dunia zilifika Kampala, mtaa wa Ntinda, kumtazama Chris Nsamba na wenzake wakiunda African Skyhawk nyuma ya nyumba ya mama yake. Habari nilizozisoma zilijaa ua, mama, na ndoto. Kuhusu mhimili wa bawa sikuona hata mstari. Simlaumu Nsamba, kusema kweli namvulia kofia kwa kuthubutu. Nawalaumu walioshika maikrofoni. Tunamchukulia mbunifu Mwafrika kama mtoto aliyechora mama yake: "Oh, vizuri sana!" Hatumwulizi swali gumu, kwa sababu moyoni hatuamini kitaruka. Makofi bila maswali ni dharau iliyovaa suti. Mtu ukimheshimu, unamwomba hesabu.

Vyuo navyo. Kule nilikokuwa, programu ya uchambuzi tuliambiwa tuisubiri mwaka wa nne, baada ya hesabu zote kavu. Mimi sikufika mwaka wa nne. Ni wangapi hawafiki? Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akiona bawa lake likigeuka jekundu kwenye skrini, siku hiyo ndiyo atajua kwa nini anasoma hesabu. Pale Dedan Kimathi, dakika chache kutoka mjini, kuna vijana wa mekanika na mekatroniki. Wafungulieni wale wa jua kali mlango Jumamosi moja kwa mwezi. Fundi alete mchoro, mwanafunzi alete mfano wa kompyuta, wote wawili wabebe magunia. Fundi anajua kiungo kitachomeleka au hakitachomeleka. Mwanafunzi anajua kitavunjika wapi. Kila mmoja peke yake ni nusu mhandisi.

Na wale wa "wewe uliacha chuo, utatufundisha nini?" Hesabu haiulizi cheti. Mifuko 18 ni mifuko 18 ukiisema wewe au akiisema profesa. Kitu ambacho sitaki kusikia ni upande wa pili, wale wanaotutukuza sisi tulioacha, ati masomo ni ya waoga na kipaji kinatosha. Kipaji hakijawahi kushikilia bawa. Kuacha chuo si kuacha kusoma, na anayekuambia hivyo anakuuzia kozi yake.

Mwisho kuna wale watakaosema naua ndoto za vijana wa Mlima Kenya. Ndugu zangu, mtu anaketi ndani ya kile kitu. Ana mama. Watoto wa jirani wamesimama mita 10 kutoka kwenye propela wakirekodi na simu. Sisi tuko mbali, kidole kimoja kwenye kitufe cha kupenda, tunamwambia "ruka, bro, ruka!" Anayeua ndoto hapo ni nani?

Kwa hivyo hii ndiyo kanuni yangu mpya, na naomba muichukue. Ikija klipu ya ndege, kabla ya kuisambaza uliza mambo matatu. Mzigo wa juu kabisa ni kilo ngapi? Mkazo kwenye shina la bawa ni ngapi, na chuma chako kinavumilia ngapi? Umepakia magunia mangapi na liliinama kiasi gani? Akijibu, msambaze kwa nguvu zako zote, mchangie, mpigie kelele mpaka mheshimiwa aone aibu. Asipojibu, mtumie viungo vya FreeCAD na umwambie pole pole, si kwa matusi.

Mimi wiki hii naweka faili ya lile bawa la mita 4.5, la mifuko 18, mahali wazi. Lichukueni, mlivunje kwenye laptopu zenu, mniambie ni wapi limelegea. Livunjikie huko.